Mdhamini wa Mchenza

Binti yangu ameniletea mndimu ndani ya chungu, zawadi, akauweka barazani na kuniambia, "Huu haufi, Mama. Muuzaji ameapa." Muuzaji hanijui. Mimi ni mtu wa ndani. Soko naliona kwa kusimuliwa, na bustani yangu yote ni hilo baraza, lakini kwa mikono hii nimeshaua miti mingi kuliko seremala. Wiki hii majani yameanza kugeuka manjano, kwanza kingoni, halafu yakajikunja kama kiganja cha mtu asiyetaka uone alichoshika. Jana nilichuma moja, nikalifikicha, nikalitia puani. Harufu haikuniuliza kitu. Ilinichukua ikaniweka uani kwetu Matrah, mbele ya mti mwengine uliokuwa ukifa, na watu wazima wameuzunguka, hakuna hata mmoja anayejua la kufanya na kila mmoja anasema analijua.

Wa rika langu waliovuka bahari kutoka Unguja kuja huku wangali wadogo watakumbuka kwamba kila familia ilikuja na kitu chake kimoja kisichokuwa na maana kukibeba. Kuna waliokuja na kinu. Kuna waliokuja na mbuzi ya kukunia nazi, wasijue kwamba huku nazi watakuwa wanaisubiri kama mgeni wa heshima. Bibi yangu alikuja na mche wa mchenza ndani ya kopo la samli.

Babu ndiye aliyeubebesha mche ule. Alichukua jicho la kuchipua la mchenza wake bora kule shamba, akalipachika kwenye shina changa la mdanzi, akalifunga kwa utepe wa ganda la mgomba, kama wanavyofanya watu wa mashamba, kwa sababu mdanzi una mizizi mikaidi lakini tunda lake chungu, na mchenza una tunda lakini mizizi yake ya kudeka. Siku ya safari akampa Bibi lile kopo. Yeye alibaki kuangalia nyumba, akasema atafuata. Bibi aliupakata mche melini njia nzima. Mimi, mjukuu wake wa damu, nilikaa chini.

Babu hakufuata. Habari ya kifo chake ilitufikia imeshachakaa kwa kupita midomo mingi, na Bibi akakaa eda yake katika chumba cha ndani. Alipotoka hakwenda kwa watu waliokuja kumuona. Alikwenda uani akaushika mchenza pale jicho lilipounganishwa na shina, penye kifundo kidogo kama goti la mtoto, akasimama hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa mdogo wa kutoelewa mengi, lakini hilo nilielewa: kazi ya mwisho ya mikono ya Babu ilikuwa imesimama uani kwetu, na Bibi alitaka kuiona ikizaa kabla na yeye hajaondoka.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, kuta za udongo, uwa mdogo na kisima. Maji ya kisima yalikuwa mazito mdomoni, yana chumvichumvi, tukiogea, tukifulia. Ya kunywa yalikuja kwa punda, tukiyaita maji matamu, na Mama aliyalinda kuliko dhahabu zake, maana dhahabu zilikuwa zimeshauzwa. Mchenza ulipewa ya kisima. Mwanzo ulikubali. Ulinipita kimo, na kaka yangu Khalfan akasema kila kitu katika nyumba hii kinakua isipokuwa mimi.

Halafu ukaanza kuumwa. Majani yakawa ya manjano katikati na kuungua kwenye kingo, kama karatasi iliyopita juu ya mshumaa. Mengine yalidondoka hata bila upepo. Bibi akaita baraza la familia, yaani waliokuwepo: yeye mwenyewe, Mama, na Ami Nasor, mdogo wake Baba. Baba alikuwa Kuwait anatafuta riziki. Ami alikuwa karani Unguja, na tangu tulipoteremka alikuwa akisubiri kazi kwa utulivu mkubwa.

"Mti una njaa huu," Bibi alisema.

"Una jicho," Mama akasema. "Yule mama aliyekuja juzi alisema mashallah kwa mdomo, macho yakasema lengine."

"Nyote hamjui," Ami akasema. "Mti umekosa chuma. Shinani izikwe misumari. Nimesoma."

"Mipya au ya kutu?" Mama akauliza.

"Ya kutu ndo bora."

"Basi tuuzikie milango yote," Mama akasema, "maana nyumba nzima imeliwa na kutu."

Wakaafikiana kwa namna wanavyoafikiana watu wasiojua: kila mmoja akatibu kivyake. Ami alizika misumari. Mama alifukiza ubani na akautundikia mti kitambaa cheusi, ukawa kama mtu aliyekatwa kidole. Na Bibi akaulisha.

Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawakulelewa na mwanamke wa Kiunguja. Kwetu maji ya jikoni hayamwagwi ovyo. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea samaki, na zaidi ya yote maji ya kulowekea papa mkavu, yanakwenda kwenye mti. Bibi akiyaita mchuzi wa mti. Kule shamba alifanya hivyo umri wake wote na miti ilizaa mpaka matawi yakaegemezwa kwa fito. Basi na huku kila papa akilowekwa kutoa chumvi, chumvi ile inakwenda kwa mchenza, na kila mchenza ukizidi manjano, Bibi anasema, "Bado una njaa," na papa mwengine analowekwa. Kule mvua ilikuwa ikitusahihishia makosa. Huku makosa yalikaa palepale tulipoyamwaga.

Siku moja nilikuwa nachuchumaa pale chini nikaona udongo umefanya utando mweupe kuzunguka shina, mwembamba, unang'aa. Nikaulamba. Chumvi. Nikafikiri, kumbe ndiyo siri yenyewe: Bibi anaukoleza mti ili machenza yakizaa yawe tayari yana ladha. Niliona ni jambo la upishi, na mambo ya upishi mtoto haulizi, anasubiri kuitwa mezani. Hata ningesema, sijui ingesaidia nini. Maji mengine ya kuupa hayakuwepo.

Mti haukuchanua mwaka ule wala uliofuata, ndipo Bibi akaamua uogopeshwe.

Nimekutana na vijana wanaocheka nikiwaambia, lakini wa rika langu wanaijua dawa hii. Mti usiozaa hutishwa. Mtu mmoja anaujia na shoka kama anaukata, na mwengine anaukumbatia na kuuombea, anaudhamini kwamba mwakani utazaa. Mti unasikia yote mawili, hofu na huruma, unajirekebisha. Mwenye shoka alikuwa Ami. Mdhamini, Bibi alisema, lazima awe mtu ambaye hajapata kuvunja ahadi, na katika nyumba yetu mtu pekee ambaye hajawahi kuaminiwa na ahadi yoyote nilikuwa mimi.

Ikawa Ijumaa baada ya sala. Ami alikuja na shoka la kuazima kwa muuza kuni, kanzu nyeupe imepigwa pasi, akasimama mbele ya mti kama anaingia mahakamani.

"Mti huu nnaukata," akasema kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Umekula, umekunywa, umefukiziwa ubani, haukuzaa hata kwa bahati mbaya. Nnaukata leo."

Bibi akanisukuma mgongoni. Nikaukumbatia mti, gome lake lilikuwa kavu na linakwaruza shavu, nikasema kama nilivyofundishwa, "Usiukate, Ami. Mie nnaudhamini. Mwakani utazaa."

Hapo kwa kawaida mambo yanakwisha. Mwenye shoka anaugonga mti kwa kisogo cha shoka, watu wanakwenda kula. Lakini Ami alikuwa na muda mrefu hajasikilizwa na mtu, na leo tumemsikiliza, na shoka mkononi.

"Na usipozaa?" akauliza.

Hilo halikuwemo. Nilimtazama Bibi, Bibi alikuwa anautazama mti tu, midomo inamcheza, nadhani alikuwa akiomba. Ikabidi nitafute jawabu mwenyewe.

"Usipozaa," nikasema, "nikatwe mimi."

"Mashahidi mmesikia," Ami akasema, mashahidi wenyewe wakiwa Mama, Khalfan na kuku. Akaugonga mti, tukaenda kula.

Wao walikwenda kula. Mimi nilikwenda kukaa mbele ya sahani. Jioni Khalfan alinizungushia uzi shingoni, akaupima kwenye upana wa mkono wake.

"Nyembamba," akasema. "Haitompa tabu."

"Ami hawezi kunikata."

"Hawezi kwa nini? Kwani ana kazi nyengine?"

Nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza, kama jambo la kawaida tu, mdhamini akishindwa anafanywa nini. Mama alikuwa anapepea moto, moshi machoni. "Mtu akishadhamini ameshadhamini," akasema, na akaniambia nisogee.

Tangu hapo nikawa mtumishi wa ule mti. Mama akiloweka papa, ni mimi wa mwanzo kusimama na bakuli. Kama papa hakuna, nilikuwa nachota kisimani, mpaka Bibi akaniombea dua kwa huruma niliyonayo kwa kazi ya babu yangu. Huruma niliyokuwa nayo ilikuwa kwa shingo yangu. Niliunywesha mti ule kwa roho yangu yote, na sasa najua kwamba kila bakuli lilikuwa linaumaliza.

Halafu, baridi ilipokatika, ukachanua.

Haukuchanua kwa adabu, maua mawili matatu hapa na pale. Ulichanua mpaka kwenye vijiti visivyokuwa na jani. Uwa mzima ulinukia, nguo zilizoanikwa zikanukia, na majirani wakaja kuuliza tunapika nini. Bibi alijifunga kanga mpya. Alikaa chini ya mti asubuhi nzima, maua yanamdondokea kichwani, akatuhadithia Babu alivyokuwa akibebesha, anashika kisu kidogo na utepe umo mdomoni, hataki kusemeshwa. Sikuwahi kumsikia akimtaja kwa kucheka. Ami akawa anapita na kupita mbele ya mti, mikono nyuma.

"Mti ni kama karani," akasema. "Ukiupa barua ya onyo unafanya kazi."

"Wewe ulipewa ngapi?" Mama akamuuliza.

Nimeshasikia baadaye kwa watu wenye bustani zao kwamba mchungwa au mchenza ukiona mwisho wake unachanua namna hiyo, wote kwa pamoja, unatupa kila ulichonacho. Hatukujua. Tulidhani umetusikia.

Vitunda vilitoka kama pilipili manga, vingi, kisha vikaanza kudondoka. Kila asubuhi Bibi alivifagia mwenyewe, hakutaka tuvikanyage. Joto lilipoingia vilikuwa vimekwisha, na majani yakafuata, na shina likatoa gundi ya rangi ya asali ambayo mimi niliichukulia kuwa mti unanililia. Hakuna aliyebishana tena kuhusu chuma wala jicho. Mama alikitoa kile kitambaa cheusi kimyakimya akafanya kitambaa cha kushikia sufuria. Ami alisema labda ni hewa, na hewa haina mtu wa kuilaumu, ikaishia hapo.

Siku moja Bibi alichukua kisu akaukwaruza mti gome kwa juu. Ndani kukavu, kahawia. Akashuka kidogo, akakwaruza; kahawia. Akashuka. Mimi nilikuwa nyuma yake, mkono shingoni, kila akishuka na mimi nashuka. Alifika kwenye kile kifundo cha goti, akakwaruza juu yake: kahawia. Akakwaruza chini yake, karibu na udongo. Kijani.

"Hapa mzima," akasema.

Mimi nilirukaruka. Yeye aliketi chini palepale kwenye vumbi, na kisu mkononi. Nilidhani ni magoti.

Kutoka chini ya kifundo kulichipua matawi, mawili matatu, ya haraka, yana afya, na yana miba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Ami alitaka kuushusha ule mgogo mkavu wa juu. Bibi akamwambia aukate juu ya kifundo, abakishe kipande. Tukafurahi wote, mti umefufuka. Na hapo hatukuulisha tena, kwa kuchoka tu. Mama alihamisha maji ya papa akayamwaga nje, na misumari ikasahauliwa. Basi ule mti ukanawiri kwa kiburi. Katika maisha yangu nimeona hivyo mara nyingi, tunachokiacha ndicho kinachopona, ila huwezi kujua mapema cha kukiacha.

"Mbona una miba, Bibi?" nilimuuliza. "Kule ulikuwa nayo?"

"Mti ukiogopa hutoa miba," akasema.

Nikaamini. Niliuogopesha mimi na Ami.

Mwakani haukuzaa, wala mwaka wa pili yake. Kila mwaka Ami alisimama uani akatangaza, "Hukumu imeahirishwa," na Khalfan akachukua uzi wake kupima kama shingo imenenepa. Nikakua. Ikafika wakati akili yangu imeshaacha kuamini mambo yale, lakini shingo bado. Nilikuwa nikisikia muuza kuni anapita nje, naingia ndani. Watu hunicheka kuwa sitoki. Labda ndiko nilikoanzia.

Ulizaa katika msimu ambao kila nyumba redio ilikuwa haizimwi, watu wanasubiri mambo ya nchi yabadilike, na Baba ameleta salamu kwamba pengine atarudi. Sisi tulikuwa na letu. Tunda moja, ndani kabisa katikati ya miba. Bibi alikuwa amedhoofika sana, akitembea kwa kushika ukuta, na alilisubiri mpaka likawa na rangi ya moto. Khalfan alilichuma, akatoka na damu mkononi.

Tulikaa kulizunguka ukumbini. Ami alilipima kwenye kiganja, akamgeukia Bibi, mama yake.

"Mbona duara hivi, Mama? Chenza linakuwa limebonyea juu na chini."

"Na wewe ulikuwa mwembamba," Bibi akasema.

Akajaribu kulimenya kwa kidole. Ganda halikutoka, lilishika nyama. Akaomba kisu.

"Chenza kwa kisu?" Ami akauliza, na Bibi akamtazama kwa lile jicho la mama ambalo halizeeki. Ami alikuwa mtoto wa mtu aliyebebesha miti. Nilimuona anatizama tunda, anatizama kule uani kwenye kipande kikavu juu ya kifundo, kisha anatizama miguu yake.

Bibi alilikata, akala. Kipande, na kipande, bila ya haraka. Uso haukutikisika hata kidogo. Sikio lake moja tu ndilo lililosogea. Mbegu alizitema kwenye leso.

"Bibi, nipe kidogo," Khalfan akasema. "Mkono wangu umetoka damu."

"Zao la mwanzo ni la mwenye mti."

"Basi mpe mdhamini japo ladha."

"Mdhamini haonji alichokidhamini," Bibi akasema. "Itakuwa rushwa."

Akamaliza lote, mpaka ule utando mweupe. Akajifuta mdomo kwa upole, akasema, "Chenza. Tamu kama la Babu yenu, sijui kama sio kushinda. Nasor, mwachie mtoto shingo yake."

Ami akasimama, akajikohoza. "Mdhamini ameachiwa," akasema, sauti yake haikuwa ile ya Ijumaa.

Nilicheka mpaka nikaona aibu, msichana mkubwa kama mimi. Khalfan aliukata uzi wake kwa meno. Mama akarudi jikoni.

"Nipe maji, mwanangu," Bibi akaniambia.

Nilimletea kikombe cha maji matamu. Akanywa chote kwa mkupuo mmoja, akanirudishia. Watu walikuwa wameshatawanyika. Nikainama kuokota maganda kwenye mkeka, na kwa kuwa nilikuwa huru na nina furaha, na harufu yake ilikuwa ileile, nikalitia moja ulimini.

Uchungu wake ulinipanda mpaka masikioni. Danzi.

Nikainua uso. Bibi alikuwa ameegemea nguzo, macho ameyafumba, midomo ameibana, leso yenye mbegu ameishika kwa mikono yote miwili. Nilichukua kikombe nikaenda kukijaza tena, bila ya kuombwa, na Mama, aliyekuwa amesimama karibu na mtungi, akajisogeza pembeni akaniachia nafasi.